Shangazi Fausta Anakagua Nyumba ya Kitwe

Katika ukoo wa Yonasi, binti haolewi mpaka shangazi yake akaione nyumba anayokwenda. Si kuiona kwa kupita barabarani. Shangazi huingia, hukaa, hula, hulala ikibidi, na akirudi neno lake ndilo jibu la posa. Ukoo huo ulikuwa na shangazi mmoja tu aliyebaki, Fausta wa Isansa, dada mkubwa wa Yonasi, fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na tisa. Huyu alikuwa mwanamke ambaye muuza chumvi akimpa nyongeza, anamwuliza kwanza chumvi hiyo ina kasoro gani.

Watu walimcheka kwa tabia hiyo, ila walimcheka akiwa mbali. Binti wa kuolewa akipatikana walimtafuta yeye huyo huyo, kwa maana kazi ya ukaguzi haitaki mtu mwenye moyo mweupe. Alikuwa na utaratibu wake. Akialikwa Jumamosi, anafika Alhamisi. Sebule hakuitazama kabisa, maana sebule, alikuwa akisema, ni kama mdomo, husema kile mwenyewe anachotaka. Alianzia chooni, akaja jikoni, akamalizia ghalani. Mbwa naye alikaguliwa: mbwa anayejikunyata bwana wake akiinua mkono ameshatoa ushahidi. Na siku ya kuondoka alikuwa anasahau mwavuli makusudi, ili arudi baada ya nusu saa aone nyumba inavyokuwa mgeni akishaaga.

Kwa utaratibu huo alikuwa amewakataa wachumba wanne na kuwapitisha watatu. Wawili kati ya hao watatu ni watu wema hadi leo. Wa tatu alikuwa mume wa Tabita.

Tabita ni binti mkubwa wa Yonasi. Mchumba wake alikuwa wa Mkwajuni, mtu mwenye pikipiki mbili na fungu lake kwenye shimo la dhahabu. Fausta alikwenda siku asiyotarajiwa, akakuta choo kimefagiwa, ghala limejaa mahindi, mbwa mnene anatikisa mkia. Akapitisha. Mwaka wa pili Tabita alirudi kwa baba yake, Chapwa ya Tunduma, akiwa amevunjwa taya, nalo likaunga vibaya, na tangu hapo anatafunia upande mmoja na kusema maneno machache, kwa kuwa kila neno ni kazi kulitamka. Hakuna aliyemlaumu Fausta kwa sauti. Yonasi alisema ni mipango ya Mungu. Tabita hakusema kitu. Fausta naye hakulitaja jambo hilo, miaka sita sasa. Lilimuuma, na lilizidi kumuuma kwa sababu kila alipoirudia ile nyumba kichwani mwake, hakuona alipokosea.

Basi Mercy, mdogo wake Tabita, alipopata mchumba, Fausta aliapa moyoni kwamba safari hii hata sindano haitampita.

Mchumba mwenyewe aliitwa Gasper. Ni Mnamwanga kama wao, lakini wazazi wake walihamia Kitwe zamani, huko kwenye migodi ya shaba ya Zambia, naye alizaliwa huko. Kazi yake ni kupanda minara ya simu na kufunga mitambo. Alikutana na Mercy kampuni yao ilipomleta Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, kwa miezi sita, akawa anavuka kuja Tunduma kununua vocha kwenye kibanda cha wakala alikofanya kazi Mercy. Fausta alipoisikia habari hiyo aliuliza swali moja tu: huko Nakonde hawauzi vocha?

Tatizo lilikuwa nyonga. Mwaka uliopita Fausta aliteleza kwenye karo la kuoshea kahawa, akaanguka, na tangu siku hiyo hawezi kukaa kwenye kiti cha basi zaidi ya saa mbili. Kutoka Tunduma hadi Kitwe ni safari ya siku nzima na ushei, mkikutana na barabara nzuri. Kumtuma mtu mwingine hakutaka. Kuahirisha, Mercy hakutaka.

Ndipo Gasper alipoleta wazo lake. Hapo Tunduma alikuwa na rafiki, Damiano, mwenye fremu ya biashara ya miwani ya ajabu. Tangu mtandao wa 5G uwashwe mjini, watu walikuwa wanalipa kidogo, wanavalishwa miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma, wanajikuta katikati ya simba au wamesimama kwenye nyasi za uwanja wa mpira. Gasper alisema yeye atatembea nyumbani kwake na kamera, na shangazi akivaa miwani atakuwa ndani ya nyumba ya Kitwe, anageuka anakotaka, anauliza anachotaka, bila kuondoka Tunduma.

Fausta aliona mashaka matatu kwa mpigo. Kwanza, nyumba inayojileta yenyewe kukaguliwa ina sababu yake. Pili, rafiki wa mchumba ndiye mwenye miwani, na hapo ni sawa na fisi kuwa mlinzi wa bucha. Tatu, ndani ya miwani mwavuli utausahau vipi? Lakini Yonasi alimwambia kwa upole kwamba ama hivyo, ama wapitishe bila kukagua. Basi akakubali, kwa sharti kwamba siku ataichagua yeye na hatamtajia mtu.

Alhamisi moja alishuka Chapwa asubuhi, hakukaa hata kunywa chai. Akamwambia Mercy amwongoze kwa Damiano, na wakiwa kwenye bajaji akampigia Gasper: leo, sasa hivi. Gasper akasema sawa shangazi, niko likizo, karibu. Akasema upesi mno, na hilo Fausta hakulipenda. Mercy alikuwa amegeukia barabarani, anatazama foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, kana kwamba alikuwa hajawahi kuyaona.

Fremu ya Damiano ilikuwa kati ya duka la vipuri na mama anayebadilisha kwacha, pesa za Zambia. Damiano aliwaweka kwenye viti, akaanza kusifia mali yake. Alisema zamani ukijaribu kitu hiki picha inaganda, ukimwambia mtu geuka anageuka wewe umeshasahau ulisema nini, lakini mtandao wa sasa ukitamka tu limefanyika. Fausta alimsikiliza hadi mwisho, akawaza kwamba anayejibu kabla hujamaliza kuuliza ni yule aliyepewa maswali mapema.

Akavalishwa. Kwanza giza, kisha akawa Kitwe.

Alishika mkono wa Mercy haraka. Alikuwa amesimama kwenye sebule ya mtu, makochi ya kahawia, dirisha lenye nondo, mwanga wa jua sakafuni. Alijitazama chini akatafuta miguu yake, hakuiona. Palikuwa na sakafu tu. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa, kwa sababu kwao mtu anayetembea nyumbani kwa watu bila miguu ni marehemu.

"Shikamoo, shangazi. Karibu nyumbani," ilisema sauti, na Gasper akatokea pembeni, mrefu, amevaa shati lililopigwa pasi. Nyuma yake mama yake mzazi alikuwa ameketi. Mama huyo alisalimia kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," kisha akahamia Kinamwanga chenyewe, kizito, cha watu wa zamani, na Fausta akajikuta anapiga magoti moyoni kumwitikia ingawa mwili ulikuwa kwenye kiti cha plastiki Tunduma.

Kisha akakumbuka kilichomleta. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu, na yeye alijua ni saa nne. Akasema picha hizi ni za jana. Damiano akamkumbusha kwamba Zambia iko nyuma kwa saa moja, jambo ambalo kila mtu wa Tunduma analijua tangu utotoni na Fausta mwenyewe amezaliwa Tunduma. Akasema alikuwa anawapima tu. Akamwamuru Gasper aende jikoni afunue sufuria. Ikafunuliwa, maharage yanachemka, mvuke ukampanda usoni naye akakwepa, lakini harufu haikuja. Akamwamuru amwage kikombe cha maji sakafuni. Yakamwagwa neno likiwa bado mdomoni mwake, yakatambaa hadi chini ya jiko. Basi si picha za jana. Hilo lilimwondolea shaka moja na kumwachia mbili.

Alikagua masufuria, akakagua debe la unga, akauliza kama kuna mbwa, akaambiwa hakuna. Mtu asiyefuga mbwa huenda anajua mbwa husema nini. Akataka kuona choo.

Hapo mkono wa Mercy, ambao alikuwa ameushika muda wote, ukalegea. Kidogo tu. Fausta aliyashika mabadiliko hayo kama fundi anavyosikia uzi umekatika ndani ya cherehani kabla ya kuuona.

Gasper alitoka mlango wa nyuma na kamera yake juu ya kijiti, akaelekea chooni huku akieleza habari za maji ya bomba. Alikuwa amefagia, amepanga, ametandika kila mahali ambapo macho ya mgeni hupita, kama afanyavyo kila mtu. Alichosahau, fundi mzima wa mitambo, ni kwamba kamera ile haina kisogo. Inaona mbele na nyuma kwa pamoja, na mwenye miwani ndiye anayechagua. Fausta hakutazama choo. Aligeuka nyuma.

Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba palining'inia kitenge cha mwanamke.

Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya, ile furaha ya mtu aliyeshuku na kumbe alikuwa sahihi. Mwanamke yupo! Mama yule wa sebuleni alikuwa amevaa gauni jeusi la ujane, hakiwezi kuwa chake. Fausta akasogeza uso, ingawa kusogea hakukumsaidia, akakaza macho. Picha ilikuwa safi kama alivyosema Damiano. Kitenge kilikuwa cha bluu, kina msalaba na kikombe, na maandishi yamezunguka pindo. Alikuwa ameyasoma mara sitini maandishi hayo. Ni kitenge cha jubilei ya usharika wao wa Isansa, kilichochapwa kwa oda, vipande sitini, na vyote sitini vilikatwa mezani kwake yeye. Kimoja kilipungua. Akakiunga kwa ukanda mweusi upande wa chini, akampa Mercy, akimwambia samahani mwanangu, vaa hivyo hivyo.

Ukanda mweusi ulikuwepo, unapepea.

"Choo ndicho hiki, shangazi," alisema Gasper kutoka mbele. "Umekiona?"

"Nimekiona," alisema Fausta.

Akamuaga Gasper na mama yake, akavua miwani. Mercy alikuwa amesimama, uso mkavu. Damiano aliuliza mama umeonaje, naye akamjibu kwamba kitu chake kinafaa kwa kutazama simba. Hakumwambia mtu mwingine neno. Bajaji hakutaka, alisema atatembea, na nyonga ikamkatalia baada ya hatua mia moja. Wakaketi kwenye benchi la mama lishe, malori yamejipanga mbele yao, madereva wanapika ugali chini ya matela.

Alijiuliza aanzie wapi. Mwezi wa tatu Mercy alikuwa ameaga kwamba anakwenda Mbeya kwenye semina ya wakala, siku tano. Yonasi aliamini, mama yake aliamini. Hata yeye Fausta aliamini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi: yeye wa kuchungulia chini ya ndimi za watu, akameza semina nzima bila kutafuna.

"Kile kitenge nilichokiunga mimi," alisema hatimaye, "kimefikaje Kitwe?"

Mercy hakukana. Akasema alikwenda, akakaa siku mbili, akakisahau. Alilala chumba kimoja na mama yake Gasper. Fausta alimtazama aone kama hilo la kulala ni kweli, asiweze kujua. Akamwuliza kama anajua wazee wakisikia itakuwaje: posa itageuka kuwa kesi, Gasper atozwe faini, na yeye aitwe binti aliyejipeleka. Mercy akasema anajua.

"Sasa ulikwenda kufanya nini, mwanangu? Mkaguzi si mimi?"

"Shangazi, na dada Tabita alikaguliwa na wewe."

Alilisema polepole, bila ukali, akitazama mikono yake. Miaka sita Fausta alikuwa akilingoja neno hilo kutoka kwa mtu fulani, na lilipokuja halikuja kwa aliyemtarajia.

Mercy aliendelea, maana ukishavunja chungu hukusanyi tena maji. Nauli alipewa na Tabita. Na Tabita ndiye aliyemwambia la kufanya akifika: asitazame choo, asitazame ghala. Amharibie Gasper kitu anachokipenda, kisha amtazame. Basi siku ya pili asubuhi alichukua simu ya kazi ya Gasper, ile aliyokuwa hajamaliza hata kuilipia, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji kama bahati mbaya.

"Nilitaka kuona mkono wake unakwenda wapi."

"Ukaenda wapi?"

"Ulikwenda kichwani kwake mwenyewe. Akakaa chini sakafuni. Baadaye akaniuliza kama nimelowa."

Fausta alifikiri sana juu ya mkono huo. Mtu anaweza kuuzuia mkono mara moja, mgeni akiwepo, mama akiwa chumba cha pili. Simu moja si ndoa. Na je, kama Mercy anasema hivi kwa kuwa anampenda? Mashaka yalikuja moja baada ya jingine, kila moja halali kabisa, na nyuma ya yote lilikuwepo moja ambalo hakuwahi kulielekeza kwake mwenyewe: kwamba katika kupima vyoo na maghala miaka yote hiyo, hajawahi kumkasirisha mwanamume hata mmoja kwa makusudi. Alikuwa mgeni wa heshima. Nani anampiga mgeni wa heshima?

Walifika nyumbani saa saba. Yonasi alikuwa ameshaita kaka zake wawili wa ukoo, wameketi sebuleni, soda mbele yao. Tabita alikuwa akiingiza chakula, sufuria mikononi. Mercy alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Fausta akapewa kiti cha mwenye neno.

"Haya, dada," alisema Yonasi. "Umeona nini?"

Angeweza kukataa, na jina lake likabaki salama, maana aliyekataa hashikwi na kosa. Angeweza kupitisha kama alivyopitisha ya Mkwajuni. Angeweza kutaja kitenge, na kila mtu angesema kweli Fausta ana jicho. Alimtazama Tabita, naye Tabita alikuwa akimtazama Mercy, akitafuta usoni mwake kama siri imetoka.

"Nyumba nimeiona," alisema Fausta. "Choo kisafi, chakula kipo, mama yake ni mtu wa adabu. Na ile ya Mkwajuni niliiona hivi hivi. Kwa Tabita niliona vibaya, Yonasi. Nilikosea mimi, si Mungu, na sijawahi kusema. Kwa hiyo leo jibu msiniulize. Mwulizeni Tabita."

Mmoja wa wale kaka alikohoa, akasema tangu lini mwanamke aliyerudi nyumbani akatoa jibu la posa. Yonasi alikuwa ameinamisha uso, na macho yalikuwa yamemlowa mbele ya watu, jambo ambalo watoto wake walikuwa hawajaliona.

Tabita aliweka sufuria mezani. Alijifuta mikono kwenye kanga, akachukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha.

"Aolewe," alisema, kwa upande wa taya uliokuwa mzima. "Lakini tukienda kumtembelea, hatupigi simu kwanza."

Kisha akamgeukia Fausta kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nyonga yako ikiruhusu, shangazi, twende wawili. Wewe utatazama nyumba. Mimi nitamtazama yeye."